Esansi ya Dusabimana

Gari la Papa Kagabo lilizima kwa mara ya kwanza siku hiyo kabla halijamaliza mteremko wa Nyamitaba, likiwa limebeba watu waliovaa suti.

Kama lingezima ghafla, Kagabo angelisamehe. Kila kitu kina siku yake ya kufa. Lakini lilianza kwa kukohoa. Mngurumo wa moteri ulishuka, ukapanda, ukashuka tena. Usukani ukatetemeka, vioo vikatetemeka, hata kofia ya Mzee Mbonigaba aliyekaa nyuma ikaanza kucheza kichwani pake. Rutayisire, mwana wa Kagabo, aliyekuwa akiendesha, akakanyaga mafuta. Gari likakubali kidogo kwa shingo upande, kama mbuzi anayevutwa sokoni, kisha likanyamaza kabisa.

“Nilisema,” alisema Kagabo.

“Papa, usiseme.”

“Nilisema, na ninarudia kusema. Ile esansi iko na maji.”

“Papa Rutayisire,” alisema Athanasie, mke wa Kagabo, kutoka nyuma, akiwa amekumbatia bidoni, yaani dumu, ya maziwa ya mgando ili isichafue kitambaa chake kipya, “leo hatutafute mwenye haki. Leo tunatafuta muke wa mutoto.”

Ndiyo safari yenyewe ilivyokuwa. Walikuwa wanakwenda Mweso kumposea Rutayisire. Msichana aliitwa Uwimbabazi, na baba yake alikuwa Dusabimana, muuza esansi, yaani petroli, wa pale karibu na soko. Na huyo Dusabimana, Kagabo alikuwa amemtukana mbele ya watu siku ya soko.

Hapo inafaa kueleza, kwa sababu Kagabo hakuwa mtu wa kutukana ovyo.

Gari lake liliitwa Mukecuru, yaani Bibi Kizee, na lilistahili jina hilo. Kwa miaka mingi lilikuwa likishusha maziwa yake na ya majirani kutoka milimani hadi kwa watengeneza jibini. Lakini tangu mvua zilizopita lilikuwa limepata ugonjwa usio na jina. Lingeweza kwenda vizuri asubuhi nzima, kisha likisimama kungoja ng'ombe wavuke njia, ralanti inaanza kuyumba: ile moteri inayopaswa kunguruma polepole gari likiwa limesimama inatetemeka kama imenyeshewa, inatafuta pumzi, inazima. Unangoja, unawasha, inawaka. Siku nyingine haizimi hata kidogo. Na ukilipeleka kwa fundi, linaimba kama kwaya ya Pasaka.

Fundi wao alikuwa Hakorimana wa Kitshanga. Alibadilisha buji, ile plagi ya kuwashia, likazima. Alifungua kabureta, akaiosha, akaipuliza, akairudisha, likazima. Alibadilisha filtri, akakaza nyaya, akaigongagonga pompe ya esansi. Kila mara aliiwasha moteri mbele ya Kagabo, wakasimama wote wawili wakiisikiliza, mikono mgongoni, kama waombolezaji wa marehemu asiyetaka kufa. Nayo ikanguruma bila kosa.

“Papa Kagabo,” Hakorimana alimwambia mwishowe, “hii gari haina ugonjwa. Inazima juu inakuona wewe.”

“Inaniona mimi?”

“Unaikaliaka na kasirani. Gari ya zamani haipende muntu wa kuinunia.”

Kagabo aliondoka bila kuaga, na Mukecuru akazima mbele ya kanisa, wakati watu wanatoka ibadani.

Kuanzia hapo aliamua kutafuta mwenyewe. Alikuwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, jioni, baada ya kukamua, na tangu hapo aliamini kwamba kilichotengenezwa na akili ya mtu hakiwezi kuishinda akili ya mtu mwingine. Akaanza kuchunguza. Mshale wa esansi ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo kila gari lilipozima alishuka, akafungua kifuniko cha tangi na kuchungulia.

Kifuniko hicho alikichonga kwa mikono yake. Kile cha chuma kiliibwa sokoni, na mwanzoni waliziba mdomo wa tangi kwa kitambaa. Lakini njia za Masisi hazimwachi mtu atulie, sembuse esansi. Ilirukaruka, ikalowesha kitambaa, harufu ikaingia kwenye maziwa, na siku moja watengeneza jibini wakayamwaga chini mbele yake. Kwa mtu wa ng'ombe, aibu zinazoizidi hiyo ni chache. Ndipo Kagabo alipochukua mti uleule unaochongwa vyansi, vyombo vya maziwa vya nyumbani kwao, akachonga kifuniko, akakizungushia mpira wa shambrieri, ule wa ndani ya gurudumu, tabaka juu ya tabaka. Kilikaa mdomoni mwa tangi kama jicho kwenye tundu lake. Harufu ikakoma. Waliokiona walikisifu, na yeye hakuwazuia.

Basi kila alipokifungua gari likiwa limezima, tangi lilipiga mluzi. Fyuuu! Na baada ya mluzi, gari liliwaka. Kagabo akafikiri. Maji yakiingia ndani ya esansi, alijiambia, yanaichachusha na kutoa hewa mbaya; hewa hiyo ikitoka, moteri inapata nafuu. Tena aliona kwamba tangi likijazwa pomoni gari linazima upesi, na likikaribia kwisha gari linakwenda mpaka nyumbani bila taabu. Esansi nyingi, ugonjwa mwingi. Esansi kidogo, ugonjwa kidogo. Na hiyo esansi inatoka kwa nani? Kwa Dusabimana. Hoja ilikuwa imesimama kwa miguu yote minne.

Siku ya soko akaipeleka mbele ya watu.

“Dusabimana! Muto wa Mweso tulikuwa tunauchota bure! Tangu lini unatuuzishia?”

Wanawake wa maharagwe walicheka mpaka wakashika mizani. Dusabimana alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kumaliza kazi iliyo mkononi; alimalizia kumjazia mtu wa pikipiki, akafunika bidoni yake, akaingia ndani. Lakini kabla ya juma kwisha ujumbe wake ulipanda mlima hadi Nyamitaba: “Siku ya kuposa haibadilike. Ila mukuje na ile gari yenu, hapana na pikipiki, na ndani mutie esansi yangu. Ikifika kwangu, tutaongea. Isipofika, basi ni kweli niko muuza maji, na binti ya muuza maji hawezi kuingia mu nyumba ya bantu ba maziwa.”

Rutayisire alikaa siku hiyo bila kula. Kagabo, kwa upande wake, alinunua esansi ya Dusabimana na kulijaza tangi mpaka juu kabisa, ili mtu yeyote asije akasema ameikwepa.

Sasa, akiwa kando ya njia, aliona vizuri mtego aliojitegea. Gari likifika, yeye ni mwongo. Gari lisipofika, yeye ni mkweli, na mwanawe hana mke. Na aibu kubwa zaidi, aliyoificha hata kwa Athanasie, ni kwamba moteri ilipoanza kukohoa, kipande kidogo cha moyo wake kilifurahi.

Alishuka, akafungua kifuniko. Fyuuu!

“Munasikia?” alisema. “Munasikia ile gazi ya maji?”

“Tunasikia,” alisema Mbonigaba, “na Mweso nao banatungojea.”

Mzee Mbonigaba ndiye aliyekuwa msemaji wao. Katika posa, baba wa kijana anakaa kimya. Anayesema ni mzee aliyechaguliwa kwa ulimi wake, na upande wa msichana nao una wake, na hao wawili wanapigana kwa maneno mpaka msichana apatikane. Mbonigaba alikuwa akikariri maneno yake njiani. Kila gari lilipozima, alisahau alipofika na kuanza tena kwenye salamu.

Kagabo akakaza kifuniko vizuri, akakipiga ngumi moja juu ili kikae. Mukecuru akawaka. Wakaenda.

Lilizima tena kwenye bariera, kizuizi cha njia, kabla ya Kitshanga. Vijana waliolinda kamba walizunguka gari, wakaangalia suti, wakaangalia vikapu vyenye vitambaa vyeupe.

“Ba papa, munaenda ku ndoa ao ku maziko?”

“Itategemea gari,” alisema Rutayisire.

Walisukuma. Mbonigaba alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili ukishika kofia. Kiatu cha Rutayisire, kilichopigwa rangi tangu jana, kilizama kwenye tope mpaka kamba, na kijana hakusema neno. Hilo lilimuuma Kagabo kuliko kama angepiga kelele.

“Tungejaribu kufungua kabureta,” alisema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

“Papa, ile kabureta imefunguliwa mpaka inatujua majina.”

“Basi buji.”

“Buji ni mpya.”

“Basi ni nini?”

“Si wewe njo ulisema ni maji?” Rutayisire akamgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. “Ulisema mu soko nzima. Sasa unaniuliza mimi?”

Mwishowe gari likawaka, wakaipita Kitshanga. Jua lilikuwa limekwisha panda, na saa waliyoagizwa ilikuwa inakaribia. Mahali fulani njia ilipopinda kando ya shamba la mihogo, Mukecuru akaanza tena: kushuka, kupanda, kutetemeka. Rutayisire hakujaribu hata kukanyaga mafuta. Aliacha mikono kwenye usukani, akainamisha kichwa juu yake, na gari likazima.

Ndipo nyuma kukasikika sauti. Psssii!

“Nini hiyo?” aliuliza Kagabo.

“Ni maziwa,” alisema Athanasie. “Ninaifungulia kidogo. Njia inaitikisa, inajaa hewa. Nikiiacha yenye kufungwa, itapasuka na kutulowesha wote.” Akakaza kizibo tena, lakini si sana. “Hata mama yako alinifundisha vile. Ukisuka maziwa mu kisabo, unasimama, unafungua, unaiacha ipumue. Usipofungua, siagi haikuje, na kisabo kinaweza kukupasukia mu mikono.”

Kagabo alikuwa ameshuka tayari, na mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko. Hakukifungua.

Alisimama hapo muda, na Mbonigaba akadhani mzee anasali.

Alikuwa anasikiliza, ndani ya kichwa chake, sauti mbili. Psssii ya maziwa. Fyuuu ya tangi. Hewa ya maziwa inatoka. Na ya tangi je? Alikuwa amesema inatoka. Nani alimwambia kwamba inatoka?

Alikilegeza kifuniko polepole, akasogeza karibu na mdomo wa tangi kona ya leso yake ya kuposea, nyeupe, iliyopigwa pasi. Fyuuu! Leso haikupeperuka kumjia. Ilivutwa. Ilinyonywa kwenye ule ufa mwembamba, ikashikwa hapo, kisha ikalegea.

“Mama yangu,” alisema Kagabo.

“Kuna nini?” aliuliza Athanasie.

“Haitoi. Inavuta.”

“Nani anavuta?”

“Tangi! Tangi iko na kiu ya hewa!” Alianza kuzungumza haraka, mikono ikienda huku na huku. “Pompe inanyonya esansi, sivyo? Esansi ikitoka, lazima kitu kingine kiingie mu nafasi yake. Kile kifuniko cha chuma kilikuwa na kitundu kidogo, nilikiona kwa macho yangu, nikafikiri ni kutu! Mimi nimeziba kila kitu. Tangi ikijaa, juu hakuna hewa hata kidogo, njo inazima upesi. Ikibaki kidogo, hewa iko mingi ndani, inatufikisha. Na kwa fundi... kwa fundi, kila mara nilikuwa nimefungua kwanza kuchungulia!”

Mbonigaba alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa.

“Sasa,” alisema, “tunaweza kwenda?”

“Bado. Washa, Rutayisire. Kifuniko kimelegea. Acha ralanti.”

Moteri ikawaka, ikanguruma sawasawa. Waliisikiliza. Haikuyumba.

“Njo hiyo!” alisema Rutayisire, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. “Papa, panda, tuende!”

“Ngoja. Ninakikaza tena.”

“Unakikaza ju ya nini? Inatembea!”

“Nataka kuona ikizima.”

“Papa Rutayisire!” Athanasie alipaza sauti. “Bantu banatungojea na wewe unataka izime?”

“Mara ile nilisema kabla ya kujua,” Kagabo alijibu, “na mumeona. Leo nitajua kwanza.”

Akakikaza, akakipiga ngumi. Walikaa wakingoja ndani ya gari lililokuwa likinguruma, karibu na shamba la mihogo, watu wote wakimchukia. Wanawake wawili waliobeba kuni walipita, wakasalimu, wakaitikiwa kwa shida. Mwishowe moteri ikaanza kushuka na kupanda. Vioo vikatetemeka. Kabla haijazima, Kagabo akakilegeza kifuniko. Fyuuu! Moteri ikavuta pumzi, ikatulia, ikanguruma kama ng'ombe aliyeshiba.

“Sasa tuende,” alisema, akapanda.

Njia iliyobaki walikwenda bila kukohoa. Lakini Kagabo hakuwa na furaha aliyotarajia. Kila kilima ambacho Mukecuru alikipanda vizuri kilikuwa kinampeleka kwa Dusabimana.

Mbonigaba alielewa. Aliinama kutoka nyuma, akamnong'oneza: “Kaka, tutasema ilikuwa buji. Buji haina mwenyewe. Hakuna mwenye kukasirika kwa ajili ya buji.”

Kagabo alikuwa ameshika mapajani ile leso, iliyobaki na duara la uchafu katikati.

Walifika wamechelewa. Viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, upande huu na upande ule, na wageni wa Dusabimana walikuwa wameketi kama watu waliokwisha choka kuwa wapole. Dusabimana mwenyewe alikaa katikati, suti ya kahawia, mikono juu ya tumbo. Alilitazama gari likiingia kwenye uwanja wake. Aliisikiliza moteri mpaka Rutayisire alipoizima mwenyewe.

Msemaji wa upande wa msichana akasimama.

“Karibuni, wageni. Tunawaona na bidoni. Kama munauza maziwa, soko iko kule chini.”

Watu wakacheka. Mbonigaba akajibu kwamba maziwa haya hayauzwi, yamefuata harufu ya ua moja linalochanua katika nyumba hii. Upande wa pili ukasema hauna ua, una maharagwe. Wakavutana hivyo kwa dakika nyingi, vizuri, na Mbonigaba alikuwa amekumbuka maneno yake yote, mpaka yule mwingine akasema:

“Lakini tuulize. Tuliwapa saa. Saa imepita. Tulisikia kwamba kwenu kuna mutu mwenye kuijua esansi yetu kuliko sisi. Ni esansi njo iliwachelewesha?”

Rutayisire aliangalia viatu vyake vyenye tope.

“Hapana, wazee wangu,” alianza Mbonigaba, laini kama siagi. “Ilikuwa kitu kidogo. Ilikuwa bu...”

Kagabo akasimama.

Athanasie alimvuta koti. Baba wa kijana hasemi. Kila mtu alijua hivyo, na upande wa msichana ukaguna wote kwa pamoja.

“Faini!” alisema msemaji wao. “Mzee amesimama! Kreti ya bia!”

“Nitaitoa,” alisema Kagabo. Akatoka katikati ya viti, akaenda hadi kwenye gari, akarudi na kifuniko mkononi. Alisimama mbele ya Dusabimana. “Papa Dusabimana. Nilisema mbele ya soko kwamba esansi yako iko na maji. Esansi yako ni nzuri. Ni hiki. Nilikichonga mimi, nikaziba tangi mpaka ikakosa hewa. Umesikia? Si buji. Si kabureta. Ni mimi.”

Dusabimana alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza. Alipapasa mpira, tabaka kwa tabaka. Akakiweka mdomoni, akajaribu kupuliza kupitia, mashavu yakamvimba, macho yakamtoka, na hewa haikupita.

“Ni kazi ya muntu mwenye akili,” alisema hatimaye. Akapumua. “Akili mingi. Mingi mno.”

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi mmoja wa nyuma, halafu wote.

“Siku ya soko nitarudia hivi hivi,” alisema Kagabo, bado amesimama wima, “mahali palepale niliposimama.”

“Na kwa sauti ileile?”

“Ileile.”

“Basi mambo ya kreti, tutaona.” Dusabimana akageuka nyuma, akaagiza msumari na makaa. Posa nzima ikasimama kungoja msumari uwe mwekundu. Akautumia yeye mwenyewe kutoboa katikati ya kifuniko, moshi ukapanda, akakiinua tena mdomoni na kupuliza. Safari hii hewa ilipita na kumpiga Kagabo usoni.

“Chukua, bamwana,” alisema.

Bamwana ni jina ambalo mzazi wa msichana humwita mzazi wa kijana, na hakuna anayelitumia kabla ya ndiyo. Athanasie alilisikia, akaiachia bidoni ya maziwa kwa mara ya kwanza tangu Nyamitaba. Msemaji wa upande wa msichana alilalamika kwamba maneno yake mazuri yote hayajatumika. Mbonigaba alimwambia: “Kaka, hata mimi.”

Jioni ilipokaribia, Uwimbabazi alitoka na dada zake kuwasindikiza. Kagabo alirudisha kifuniko, akanusa pembeni yake, akakunja uso, maana harufu ilikuwa imeanza kutoka kwenye kitundu, na kuanzia kesho ingemlazimu kutafuta pengine pa kuweka maziwa. Mukecuru aliwaka. Ralanti ilikuwa safi kabisa. Watu wote wa uwanja wakanyamaza kuisikiliza, Dusabimana akiwa mbele yao, mikono tumboni.

Rutayisire alitia gia. Kisha akageuza kichwa kumtazama Uwimbabazi, akaachia klachi kama mtu anayeangusha kuni, na gari likaruka mara moja na kuzima.

Macho yote yakamgeukia Dusabimana.

“Munaona?” Dusabimana akapaza sauti yake yote kuelekea sokoni. “Nilisema! Ile esansi iko na maji!”